Maagizo Nyuma ya Bahasha

Bibi Winifred, gari la wagonjwa likimngoja mlangoni
na nyonga yake imevunjika,
aliomba kalamu kwanza.
Nyuma ya bahasha ya bili ya gesi,
kwa mwandiko uliopanda mlima,
akaandika MBWA, akapiga mstari chini. Mara mbili.

*Usimpe mkate hata akulilie. Ni mwongo.*

*Futa mikunjo ya uso kila asubuhi,
pamba na maji vuguvugu, kisha ukaushe.
Ukaushe, nasema. Unyevu ukilala mle huamka ukinuka.
Chini ya mkia kuna mkunjo mwingine.
Ndiyo. Na huko pia.*

*Mkanda uwe wa kifuani, si wa shingoni.
Ngazi hapandi. Utalala naye chini.
Kuogelea hajui, ila yeye hajui kwamba hajui:
mkipita mferejini, kaa kati yake na maji.
Jua likipanda, msitoke.*

Jina lake Kufuli. Kufuli wa Nne.
Willenhall ulikuwa mji wa mafundi makufuli,
na babu, aliyechonga funguo miaka thelathini na moja,
hakuona sababu ya kutafuta jina lingine.
Wazee wa buldogi walifugwa kung'ata pua za mafahali
mbele ya watu waliolipa kutazama.
Huyu anaiogopa mashine ya kufyonza vumbi.
Ana kilo ishirini na sita, meno ya chini yaliyotoka nje
kama mtu aliyesahau alichotaka kusema,
na mkoromo wa kutikisa vikombe kabatini.

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu.
Siku ya tatu sikusikia,
na aliyeanguka si mimi.

Ilikuwa Julai. Nilichelewa kuamka, tukatoka saa tano,
lami inanata kwenye soli.
Mbele ya duka la Gurmukh Sahota akakaa. Kisha akalala.
Ulimi uliokuwa waridi ukawa zambarau,
na pumzi yake ikawa msumeno kwenye bati.
Nikambeba. Sijui nilimbebaje.

Sahota hakuuliza kitu.
Alimlaza kwenye vigae, akachana katoni ya maji,
akafungua chupa moja, ya pili, ya saba,
akimmwagia tumboni, mapajani, makwapani.
Nikakimbilia friji ya aiskrimu. "Si barafu," akasema, "maji. Na upepo."
Akageuza feni iliyokuwa ikimpepea yeye.
Mzee aliyekuja kununua tiketi ya bahati nasibu
akapiga goti, kofia kichwani,
akaanza kupepea kwa gazeti la jana.

Dakika moja.
Nyingine.
Kisha Kufuli akajamba,
akatutazama wote watatu
kana kwamba ni mmoja wetu.

Hata hivyo tulimpeleka kwa daktari.
Sahota alifunga duka mchana kweupe,
jambo ambalo mtaa bado unalizungumzia.

Jioni simu ikalia kutoka wodini.
"Anakoroma?"
"Anakoroma."
"Umemfuta?"
"Nimemfuta."
"Na huko kwingine?"
"Na huko pia."
"Leo kulikuwa na jua kali," akasema bibi.
"Hatukutoka," nikasema.
Akanyamaza kitambo kirefu,
nikasikia gari la chakula likipita kitandani kwake.
"Haya," akasema.

Usiku Kufuli aliulilia mkate.
Nikamkatia kipande kisichozidi kidole gumba.
Waongo wawili, tukala gizani.
Nililala sakafuni, mkono juu ya mbavu zake,
na kila mkoromo ulipokatika nilifumbua macho
nikasubiri uunganike.

Asubuhi nikachukua pamba.
Maji vuguvugu. Nikakausha, nikakausha.
Katika mkunjo wa tatu, juu ya pua,
nikakuta chembe ya mkate.
Nikaifuta.